Chafya Mlangoni kwa Baba

Mbwa wa nyumba yetu ya Kariakoo alichaguliwa na pua yangu. Sisemi hivyo kwa kujisifu, maana pua yenyewe haikuwa ya kujivunia. Siku hizi mtu akiwashwa na manyoya ya paka anaambiwa ana mzio, anapewa vidonge, anarudi kazini kwake. Wakati wa Mwingereza, mimi nikiwa msichana, tuliita pua mbaya, basi. Paka akipita barazani, macho yalinitoka machozi. Mbuzi wa Idi akifungwa uani, mimi nilihamia kwa jirani mpaka achinjwe. Nikikaa karibu na mnyama kwa muda mrefu, kifua kilianza kulia kama mlango usiotiwa mafuta, na baba alikaa kando yangu na kikombe cha maji ya moto yenye tangawizi, akitazama mabega yangu yakipanda na kushuka. Aliyatazama mabega kwa sababu mlio wa kifua alikuwa hausikii.

Baba alikuwa kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Tangu enzi za Mdachi alifanya kazi katika karakana ya reli, kazi ya kugongomea misumari ya chuma kwenye matangi ya mvuke ya magari ya moshi. Mmoja huingia ndani ya tangi kuushikilia msumari, mwingine huugonga kwa nje. Baba alikuwa mtu wa ndani. Masikio yalianza kwa kuvuma, yakaendelea hivyo kwa miaka, halafu hata huo mvumo ukaondoka. Wakati huo mama alikuwa ameshafariki, na mimi ndiye mtoto pekee. Tukabaki wawili katika nyumba ile ya udongo, mbele baraza, katikati ukumbi mrefu wenye vyumba kushoto na kulia, nyuma ua.

Mwanzoni aliendelea kukaa barazani na wenzake. Lakini barazani watu wanazungumza, na asiyesikia inambidi acheke wenzake wanapocheka bila kujua kilichochekesha. Alifanya hivyo kwa muda, nami nilikuwa nikimwona anavyowachungulia nyusoni ili asichelewe kucheka. Siku moja alichukua kigoda chake akahamia uani, akaanza kushona kofia. Mikono ya chuma ikajifunza sindano. Zilikuwa kofia nzuri, na sizisifu kwa kuwa ni baba yangu; hata waliogombana naye walizivaa.

Kuhamia uani ndiko kulikoleta taabu. Kwetu mgeni hupiga hodi mlangoni, na akiipiga mara tatu asiitikiwe, hurudi alikotoka. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, tukisomeshwa Kurani, na ndivyo tulivyolelewa. Wenzake wa karakana walikuja kumjulia hali, wakapiga hodi, hodi, hodi, wakaenda zao. Nikiwapo, niliitikia mimi. Nikiwa kisimani au sokoni, walisimama mbele ya mlango ulio wazi, wakatazama ukumbi mtupu, wakageuka. Niliwaomba waingie tu moja kwa moja mpaka uani. Wote waliitikia vizuri, "Ndiyo mwanangu, tumesikia," na siku nyingine wakaja, wakapiga hodi tatu, wakaondoka. Mtu mzima hafundishwi na msichana kuingia nyumba ya watu bila kukaribishwa. Baada ya kurudi bure mara kadhaa, wengine wakaacha kuja kabisa.

Baba hakuyajua hayo. Alichokijua ni kwamba jua linachomoza na kuzama na hakuna anayemkumbuka. Nilimweleza kwa mikono na kwa midomo, maana midomo yangu aliisoma vizuri kuliko ya mtu mwingine yeyote, kwamba watu wanakuja. Alinishika kichwani akasema kwa ile sauti yake ambayo sasa ilikuwa haijui kipimo, mara kubwa mara ndogo:

"Ahsante, mama. Najua unaniliwaza."

Aliamini kwamba watu wamemchoka. Aliamini pia kwamba namdanganya kwa huruma, na hilo liliniuma kupita kifua.

Kisha mimi nikaposwa. Mchumba alikuwa mfanyakazi wa reli huko Morogoro, mtu mpole, baba alimpenda siku ile ile. Nilifurahi na nikalia, yote kwa pamoja. Nilimsihi baba ahamie Morogoro nasi. Alikataa. Kaburi la mama liko hapa, alisema, na wateja wa kofia wako hapa. Kwa hiyo mimi ningeondoka, na katika nyumba ile angebaki mtu asiyesikia hodi, akikaa uani siku nzima na kuhesabu kwamba hana mtu duniani. Mpangaji tulikuwa naye mmoja, kijana Mkristo wa kutoka Kilimanjaro, lakini yeye alikwenda kwenye ghala la bandarini asubuhi na kurudi alasiri.

Yeye ndiye aliyetaja mbwa. Kwao, alisema, mbwa hukuambia kuna mgeni kabla mgeni hajaimaliza migomba. Nikamtazama kama mtu aliyeniletea samaki mbichi kitandani. Nyumba yetu ilikuwa ya swala tano, na mate ya mbwa ni najisi. Yakikugusa, ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Na juu ya hayo kulikuwa na pua yangu. Lakini baba alipoelewa tunazungumza nini, aliweka sindano chini. Alikwenda mwenyewe kumwuliza mwalimu wa chuo, akarudi na jibu: mbwa wa kulinda hana ubaya, na mkavu akigusana na mkavu hakuna kilichonajisika. Nguo za kuswalia akazitundika chumbani, mbali. Kisha akatafuta ubao mrefu, akaulaza uani, ncha moja chini ya kigoda chake, ncha nyingine karibu na mlango wa ukumbi. Akakaa, akaniashiria nikanyage ile ncha ya mbali. Nilipoikanyaga alitabasamu. Mtu aliyeishi ndani ya matangi ya chuma huisikia mitetemo kwa mifupa. Mbwa hatamgusa, alisema. Mbwa atakanyaga ubao, naye atajua mlangoni kuna mtu.

Ilibaki kumpata mbwa ambaye naweza kuishi naye miezi ile iliyobaki nimfundishe. Jirani yetu, bibi mmoja mpika vitumbua ambaye alinilea nusu ya malezi, alikuwa hataki hata kusikia habari ya mbwa, lakini alikuwa hawezi pia kukaa nje ya shughuli. Yeye ndiye aliyetoa njia. Usiende kwa mbwa, alisema, akuletee mpangaji kitambaa alicholalia mbwa, kikiwa kikavu, unuse. Basi nikakaa barazani kama mnunuzi wa udi, nikaletewa matambara.

La kwanza lilitoka kwa Mzungu mmoja wa pwani ambaye mbwa wake alikuwa amezaa. Mpangaji alisema watoto wana manyoya mpaka miguu haionekani. Sikufika hata kulishika vizuri, nilipiga chafya mpaka bibi akaacha kuniombea rehema, akasema, "Hii si chafya tena, haya ni mafua, hayana dua." La pili lilitoka kwa mwoka mikate, la mbwa mwenye manyoya mafupi, na sote tulikuwa na matumaini. Chafya hazikuja. Alasiri kifua kikaanza kulia. Baba aliona mabega yangu, akalichukua tambara lile kwa kijiti akalitupa mwenyewe.

La tatu halikuwa tambara. Nyuma ya mabucha ya sokoni kulikuwa na mbwa koko jike aliyekuwa na upele. Wachuuzi walimhurumia wakampaka mafuta ya nazi yaliyochanganywa na kibiriti upele, na upele ukapona, lakini manyoya yalikuwa yameondoka karibu yote. Ngozi yake ilikuwa ya kijivu, mikunjo mikunjo, na masikio yaliyosimama kama anaulizwa jambo. Mpangaji alimleta kwa kamba akamsimamisha mbali kidogo na baraza. Nikangoja. Bibi, buibui yake ameikusanya mpaka magotini, akangoja. Nilimsogelea, nikainama, nikavuta pumzi.

"Je?" akauliza bibi.

"Kimya," nikasema.

"Haya. Umepata mbwa asiye na nguo," akasema bibi, "na mwenye haya achukue kanga amfunike."

Tulimchukua. Hatukumpa jina, kwa sababu baba ndiye mwenye mbwa, na baba alimwita "wewe," wakati mwingine kwa kunong'ona, wakati mwingine kwa sauti ya kuamsha mtaa. Alikuwa mbwa mwenye shukrani. Alilala ukumbini karibu na mlango wa mbele na alimtazama baba kwa mapenzi ambayo sikuwa nimeyaona kwa mnyama. Baba naye, aliyekuwa halishi hata kuku bila kulalamika, akawa anabakiza ugali na supu ya vichwa vya samaki, anauweka kwenye kigae cha chungu, anamsukumia kwa fimbo. Nilifurahi kumwona ana mtu wa kumshughulikia. Sikufikiri, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri, mbwa aliyepona upele akilishwa supu kila siku huota nini.

Aliota manyoya. Yalianza mgongoni kama vumbi, yakashuka mbavuni, na kufikia masika alikuwa na manyoya ya rangi ya mchanga, mazito, yanayong'aa. Baba aliyatazama kwa fahari. Mimi niliyatazama kwa macho mekundu. Kila nilipompita ukumbini pua iliwasha. Mpangaji akaanza kumwosha kila Jumapili baada ya kanisa ili manyoya yasiruke, na siku hiyo baba alihama na kigoda chake mpaka mbwa akauke, maana mbwa sasa alikuwa amelowa na dini ina sheria zake. Nyumba ikawa na ratiba ambayo mgeni angedhani ni ya jeshi. Nilipata nafuu kidogo. Kuna aliyesema tumrudishe sokoni. Nilimtazama baba akimsukumia kigae, nikasema sitaki kusikia neno hilo tena.

Tuliendelea kumfundisha. Mafunzo yalikuwa alasiri, mpangaji akisharudi kazini. Mimi napita ukumbini, natoka mlango wa mbele, nasimama barazani, napaza sauti, "Hodi!" Mpangaji yuko uani ameshika kamba ndefu, anamvuta mbwa taratibu mpaka kwenye ncha ya ubao. Mbwa akiukanyaga, baba anausikia mtikisiko, anasema "Karibu!" na kumtupia dagaa. Baada ya majuma machache kamba ilikuwa haina kazi. Mbwa aliinuka mwenyewe, akatembea kwa heshima zake, akaweka miguu miwili ya mbele juu ya ubao. Baba alinyanyua uso kutoka kwenye kofia akasema "Karibu!" kabla sijafika ndani. Sijui kama kuna neno nililowahi kulipenda kama lile. Nililala usingizi mzuri, nikaanza kuandaa sanduku langu la harusi.

Harusi ikiwa imekaribia, nikataka kumwonyesha bibi. Nilikaa uani na baba, nikamwomba bibi azunguke aje kwa mbele kama mgeni yeyote. Tukamsikia kwa sauti yake ya kuuzia vitumbua:

"Hodi!"

Mbwa, ukumbini, alifungua jicho moja.

"Hodi wenyewe! Hodi!"

Akalifumba. Nilimwona kwa macho yangu akilifumba. Bibi akasubiri kidogo, halafu nikasikia kandambili zake zikiondoka, maana hata katika majaribio hodi tatu ni hodi tatu. Baba alikuwa anashona, hana habari kwamba mtu amefika mlangoni kwake na kuondoka. Nikaona kwa mara ya kwanza, waziwazi, siku zake zitakavyokuwa nikishaondoka. Nililia pale pale. Baba akaweka kofia chini akaniuliza kuna nini, na sikuweza kumjibu kwa midomo kwa kuwa midomo ilikuwa inatetemeka. Nilikimbilia mbele kumwita bibi arudi, nikampita mbwa, na nilipofika mlangoni chafya ikanishika.

Nyuma yangu mbwa akainuka. Akatembea kwa heshima zake mpaka uani. Nikasikia ubao, kisha sauti ya baba: "Karibu!"

Bibi, aliyekuwa hajafika mbali, aligeuka tukatazamana. Bibi akasema, "Rudia." Ya pili haikuwa na taabu, ilikuwa njiani tayari. Mbwa alikuwa bado yuko kwenye ubao, akaukanyaga upya. "Karibu!"

Mpangaji aliporudi kazini tulimweka kitako. Akakuna kichwa. Ni kweli, alisema, kila nilipopiga hodi, chafya ilifuata, kwa kuwa nimetoka kumpita mbwa. Na yeye alikuwa anangoja. Angewezaje kuvuta kamba na kuanza kelele za mbwa wakati mtu anapiga chafya na bado hajamshukuru Mungu wake? Alingoja nimalize chafya, niseme Alhamdulillahi, ndipo akavuta. Yeye Mkristo, alikuwa ananihifadhia adabu ya dini yangu, kila alasiri, kwa majuma yote yale ya kamba. Mbwa amefanya nini? Ameshika kile alichofundishwa. Hodi kwake ilikuwa kelele tu zinazotangulia jambo lenyewe.

Hakukuwa na muda wa kumfundisha upya. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikasema basi, sitaolewa, waende wakamwambie mchumba. Bibi alikuwa ameanza kucheka zamani, ameinama, ameshika ubavu.

"Usitupotezee pilau yetu," alisema. "Kama mbwa hajui hodi, sisi tunajua chafya."

Asubuhi yake, akiwa amesimama mlangoni kwetu na kisahani cha vitumbua, alipiga hodi moja ya kibinadamu, kisha akakusanya pumzi na kupiga chafya ya uongo ambayo hata kuku walikimbia. Mbwa akainuka. Baba akasema karibu. Bibi akapita ukumbini, buibui juu, akaweka kisahani mbele ya baba kama mtu aliyeshinda kesi. Habari hupita haraka Kariakoo. Rafiki mkubwa wa baba kutoka karakana, ambaye ndiye aliyekuwa akigonga kwa nje baba akishikilia kwa ndani, alikuja na kikopo chake cha ugoro. Yeye hakutaka chafya ya uongo, alisema amekwisha kuwa mzee mno kwa maigizo. Alinusa kidole kimoja pale mlangoni akapiga chafya halali. Baba alipomwona anatokea ukumbini, machozi ya ugoro yanamtiririka, alisimama.

"Ulikuwa wapi?" alimwuliza.

Yule mzee akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Akaonyesha kupiga hodi. Akainua kidole kimoja, cha pili, cha tatu. Akaonyesha kuondoka. Akarudia tena na tena, hodi, kuondoka, hodi, kuondoka, kila kuondoka amefanya uso wa huzuni kama wa mtoto. Baba alinigeukia. Niliitikia kwa kichwa: ndiyo, ndivyo nilivyokuambia. Alicheka mpaka akaketi, huku akilia ndani ya kicheko hicho, na rafiki yake akaketi ubaoni karibu naye, wakabaki wameshikana mikono. Sikuwa nimemsikia baba akicheka hivyo tangu mama alipokuwa hai. Cheko lilikuwa la sauti kubwa mno, na siku hiyo sikutaka alipunguze.

Nikaolewa. Nikaenda Morogoro, hewa ya milimani, nyumba isiyo na mnyama, pua safi, kifua safi, na moyo uliobaki Kariakoo. Waliokuja kutoka mjini waliniambia kwamba mtaa mzima unapiga chafya mlangoni kwetu, kwamba wageni wasiojua hushangaa, kwamba kuna waliojaliwa kipaji na kuna wanaodhani wanacho. Nilicheka na nikawaonea wivu wale walio karibu na baba.

Mara ya kwanza niliporudi ilikuwa baada ya masika ya pili, nimechukua mimba, nami sikutuma habari. Niliteremka stesheni, nikatembea mpaka kwetu. Bibi alikuwa nje kwenye chuma chake cha vitumbua. "Shikamoo, bibi," nikamwambia. "Marahaba," akajibu, halafu akautazama mwili wangu, akanipungia mwiko nipite. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimeazimia kupiga hodi, kisha ile chafya ya mtaa kama watu wote. Lakini harufu ya ukumbi ilinifikia kwanza, udongo mbichi, dagaa, na manyoya yale ya rangi ya mchanga, na chafya ikaja yenyewe, kubwa, ya kweli, kabla sijafungua mdomo.

Mbwa hakutembea kwa heshima zake. Nilisikia kucha zikikwaruza sakafu ya udongo kwa kasi, halafu ubao, na ubao haukugonga mara moja. Uligonga na kugonga, mbwa anaruka juu yake kama aliyeshikwa na ngoma. Baba akatokea mlango wa uani. Ukumbi ulikuwa na giza na jua lilikuwa nyuma yangu, nimejifunika buibui. Asingeweza kunitambua kwa macho. Alikuja akipapasa ukuta, na akiwa bado katikati ya ukumbi alikuwa tayari anasema, kwa ile sauti isiyo na kipimo:

"Karibu, mwanangu. Karibu, mama."

Nilimgeuza kwenye mwanga aione midomo yangu. Nikamwuliza amejuaje kwamba ni mimi.

"Wengine wote ubao hugonga mara moja," alisema. "Leo umenitikisa mpaka sindano ikaniponyoka. Tangu uondoke, kila siku nakaa juu ya kigoda kile naungoja utikisike hivyo."

Pua ilianza tena. Alinisubiri nimalize, mkono wake begani kwangu ili ajue nikimaliza, kisha akaniombea rehema kama ilivyo desturi, akanishika mkono tukaingia ndani.